Nani amlipie asiyenacho? Safari ya mageuzi ya matibabu Kenya tangu 1965

Mnamo Desemba 2004 wabunge wa Kenya walipitisha mswada ambao, lau ungetiwa saini, ungemfanya kila mkazi wa nchi kuwa mwanachama wa bima moja ya afya. Mwenye mshahara angekatwa, mwenye biashara ndogo angechanga kwa kadiri yake, na asiye na chochote angelipiwa na serikali. Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. Aliurejesha Bungeni pamoja na pingamizi zake, na mswada huo haukuwahi kuwa sheria.

Karibu miaka 19 baadaye, Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyokuwa na shabaha ile ile. Kati ya saini iliyokosekana na ile iliyopatikana, nchi ilipata Katiba mpya, serikali 47 za kaunti, migomo mirefu ya madaktari na wauguzi, na ahadi tele za matibabu ya bure. Hata hivyo maswali mawili yaliyouzamisha mswada wa kwanza yaliuvizia na ule wa pili: ni nani atakayetoa pesa za kumtibu mlalahoi, na ni nani atakayeamua kwamba huyu kweli ni mlalahoi na yule anajifanya?

Chanzo cha mjadala huu kiko katika siku za mwanzo za Jamhuri. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa imetangaza vita dhidi ya maadui watatu, yaani umaskini, ujinga na maradhi, na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika ukayapa maneno hayo uzito wa sera. Mwaka huo huo ada ya shilingi tano iliyokuwa ikitozwa wagonjwa tangu enzi za mkoloni iliondolewa. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge liliunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ambayo Wakenya wa vizazi vyote waliijua kwa ufupisho wake, NHIF. Waliolazimika kujiunga ni waliopata zaidi ya shilingi 1,000 kwa mwezi, na mchango wao ulikuwa shilingi 20.

Ukiutazama kwa makini, mpango huo ulikuwa na miguu miwili. Mwenye kazi nzuri alikuwa na bima ya kumlaza katika hospitali aliyoipenda. Mkulima, mchuuzi na kibarua walikuwa na zahanati ya serikali isiyotoza kitu. Bima haikumhitaji maskini, na maskini hakuihitaji bima, maadamu kodi ilitosha kununua dawa na kulipa wauguzi.

Kodi haikutosha kwa muda mrefu. Bei ya mafuta ilipanda katika miaka ya 1970, idadi ya watu ikaongezeka kwa kasi, na kufikia miaka ya 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa ikitekeleza masharti ya kubana matumizi yaliyoandamana na mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani. Desemba 1989 mgonjwa alianza tena kulipa mlangoni, chini ya mpango wa kugawana gharama.

Matokeo yalionekana mara moja. Katika kliniki moja ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti waliochapisha ripoti yao mwaka 1992 waligundua kwamba idadi ya wanaume waliofika kutibiwa ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya kabla ya ada, na ya wanawake hadi asilimia 65. Huo ulikuwa wakati ambapo ukimwi ulikuwa ukienea, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa ni mlango wa virusi hivyo. Ada ya kumwona daktari iliahirishwa Septemba 1990, kisha ikarejeshwa hatua kwa hatua kwa sura nyingine.

Jambo linalosahaulika kuhusu mpango wa 1989 ni kwamba haukumpuuza maskini kwenye karatasi. Baadhi ya makundi, wakiwemo watoto wachanga na wenye maradhi kama kifua kikuu, hayakupaswa kulipa, na yeyote asiyejiweza angeweza kusamehewa ada. Ila msamaha huo ulipaswa kutolewa na hospitali yenyewe, na hospitali hiyo hiyo ilitegemea ada kununua pamba, dawa na mafuta ya gari la wagonjwa. Kila aliposamehewa mmoja, kapu la hospitali lilipungua, na hakuna aliyelijaza. Afisa aliyeombwa huruma ndiye aliyekuwa na sababu ya kuinyima. Wagonjwa wengi hawakujua kwamba msamaha upo, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwaambia. Kasoro hii haikuwa ya tabia za watu. Ilikuwa ya mpango, na imejirudia kila mara serikali ilipoahidi huduma ya bure bila kumlipa anayeitoa.

Walioachwa nje walikimbilia njia ya tangu jadi, yaani mchango wa jamaa na majirani. Harambee ya kulipa deni la hospitali ni mila ya kujivunia, na imeokoa maisha ya wengi. Lakini harambee humfaa zaidi mwenye watu. Mwenye shemeji mwajiriwa na mbunge anayemfahamu hupata zaidi kuliko mjane wa mtaa wa mabanda, ingawa ugonjwa ni ule ule. Aidha, humfanya mwanasiasa aonekane mfadhili kwa kutoa bahasha kanisani ilhali wajibu wake ulikuwa kupitisha bajeti.

Serikali ya muungano wa NARC iliingia mamlakani Desemba 30, 2002 ikiwa na imani kubwa ya wananchi. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, na watu wakauliza kwa nini hospitali zisifuate. Waziri wa Afya, Bi Charity Ngilu, alilishughulikia swali hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi: kuanzia Julai 2004 zahanati zilitakiwa kutoza shilingi 10 pekee na vituo vya afya shilingi 20. Ya pili ilikuwa ule mswada wa bima ya jamii.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mswada wa Ngilu ndio uliosema waziwazi, kwa mara ya kwanza katika siasa za Kenya, kwamba mwenye nacho amchangie asiyenacho ndani ya mfuko mmoja. Ndiyo sababu ulipata maadui wengi. Waajiri walilalamika kwamba gharama ya kuajiri ingepanda. Kampuni za kibinafsi za bima ziliona soko lao likiyeyuka. Wafanyakazi waliokuwa na marupurupu ya matibabu hawakutaka kuyabadilisha kwa ahadi. Wizara ya Fedha na baadhi ya wafadhili walihoji ni kutoka wapi serikali ingetoa michango ya mamilioni ya watu wasio na kipato, katika nchi ambapo uchunguzi wa 2005/06 ulionyesha kwamba karibu asilimia 46 ya wananchi waliishi katika umaskini.

Hoja hiyo ya mwisho haikuwa ya kipuuzi. Mfuko ambao karibu nusu ya wanachama wake hawachangii unahitaji serikali yenye pesa na yenye nidhamu ya kuzitoa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, hata uchaguzi unapokaribia. Wapinzani wa mswada walisema serikali kama hiyo haikuwapo. Watetezi wake wakajibu kwamba maskini walikuwa tayari wanalipa, kwa kuuza ng'ombe na vipande vya shamba, na kwamba kuahirisha hakukupunguza gharama bali kulimwachia mgonjwa mzigo. Rais Kibaki, mwanauchumi aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha na pia Waziri wa Afya, aliegemea upande wa tahadhari. Mswada ukafifia huku serikali ikiingia katika mvutano wa kura ya maamuzi ya Katiba ya 2005.

Wakati huo huo, mbali na kelele za Bunge, serikali ilikuwa inajifunza kazi nyingine iliyokuja kuwa muhimu katika suala la bima: kumtafuta maskini kwa jina na kumpa pesa mkononi. Mwaka 2004 kaya zipatazo 500 zilizokuwa zikilea mayatima na watoto walio hatarini katika Garissa, Kwale na Nairobi zilianza kupewa shilingi 500 kila mwezi kwa majaribio. Mpango ulipanuka, malipo yakaongezwa hadi shilingi 2,000, na baadaye wazee na watu wenye ulemavu mbaya wakaingizwa. Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulianzishwa mpango tofauti wa kukabiliana na njaa, kwa ufadhili wa Uingereza. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee wote waliotimu miaka 70 wasiokuwa na pensheni, chini ya jina la Inua Jamii, na kuwaahidi bima ya NHIF.

Katika mipango hii maswali magumu yalijitokeza vijijini kabla hayajafika Nairobi. Ni nani aandike orodha? Chifu na naibu wake wanawajua watu, lakini wana jamaa na wana wanaowapendelea. Kamati ya kijiji inajua nani alilala njaa, ila nayo ina kisirani chake. Fomu yenye maswali kuhusu paa, sakafu, choo na mifugo haina upendeleo, lakini haijui kwamba nyumba ya mabati ilijengwa na mwana aliyekwisha fariki. Kuwapa wazee wote bila kuwapima kuliondoa mzozo huo, ingawa kwa gharama ya kumpa pia mzee mwenye maduka.

Katiba iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010 iligeuza lugha ya mjadala. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kinaitaka serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu. Kilichokuwa hisani sasa kikawa haki ya kudaiwa mahakamani. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba hospitali moja ya umma ya uzazi jijini Nairobi ilivunja haki za wanawake wawili kwa kuwazuilia baada ya kujifungua kwa sababu hawakuweza kulipa, na ikaamuru walipwe fidia. Uamuzi huo haukukomesha desturi ya kuzuilia wagonjwa, wala maiti, lakini uliivua kisingizio cha kuwa jambo la kawaida.

Madaraka Dei, Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma, na kwamba ada za zahanati na vituo vya afya zimefutwa. Wajawazito walifurika hospitalini, jambo lililodhihirisha ni wangapi waliokuwa wakijifungulia nyumbani kwa kukosa pesa. Wauguzi na vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo. Isitoshe, mwaka huo ndio hospitali nyingi zilihamishiwa kwa kaunti: Rais alitoa ahadi, magavana wakaachwa waitekeleze, na fidia kutoka Nairobi ikawa inachelewa. Uzazi wa bure baadaye ulikabidhiwa NHIF kwa jina la Linda Mama. Kisha madaktari wakagoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi kwa takriban miezi mitano mwaka 2017. Katika miezi hiyo, huduma ya bure ilikuwa bure kwa maana kwamba haikuwapo.

Kaunti ya Makueni ilionyesha njia tofauti. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kuanzia 2016 kila kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka mzima na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila ada nyingine. Kiasi hicho hakingeweza kugharimia matibabu yote, na hakikukusudiwa hivyo. Sehemu kubwa ililipwa na bajeti ya kaunti. Mchango ulikuwa wa kumfanya mwananchi awe mshiriki, si wa kubeba gharama yote. Serikali ya kitaifa ilijaribu jambo la karibu na hilo Desemba 2018 ilipozindua afya kwa wote mjini Kisumu, kwa majaribio katika kaunti za Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kaunti hizo zilichaguliwa kwa sababu kila moja ilikuwa na mzigo wake: magonjwa ya kuambukiza, maradhi kama kisukari na shinikizo la damu, ajali za barabarani, na vifo vya kina mama katika jamii za wafugaji. Majaribio yalipokwisha, serikali haikuyaeneza kote. Iligeukia NHIF, ikatunga sheria mwaka 2022 ya kumlazimu kila mtu mzima kuchangia, na kuahidi kulipia kaya maskini zipatazo milioni moja. Mwaka huo huo uchaguzi ukaleta utawala mpya wenye mpango wake.

Mpango huo ndio Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Njia ya kufika hapo haikuwa nyoofu. Mahakama Kuu ilisimamisha sheria hiyo Novemba 2023, Mahakama ya Rufaa ikaondoa kizuizi Januari 2024, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikaruhusu utekelezaji uendelee rufaa ikisubiriwa.

Kwa wenye mishahara, hesabu ilibadilika sana. NHIF ilikuwa ikikata kwa viwango vilivyoanza 2015, kuanzia shilingi 150 hadi kikomo cha 1,700. SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, ila isiwe chini ya shilingi 300. Aliyepata shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750. Sasa hukatwa 550. Aliyepata 50,000 alipanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Mwenye 500,000 alikuwa akitoa 1,700, kiasi kile kile alichotoa mwenye 100,000; sasa hutoa 13,750. Makelele mengi yaliyosikika mijini yalitoka kwa waliopandishiwa, na ni haki yao kulalamika hasa pale hospitali zilipowaambia walipe taslimu. Hata hivyo ni muhimu kusema kwamba kwa upande wa mshahara, mfuko huu ni wa haki kuliko ule uliotangulia. Ndiyo kanuni ya mswada wa 2004 iliyopata sheria mwishowe.

Ugumu uko kwa wasio na mshahara, ambao ndio wengi: mama mboga, mhudumu wa bodaboda, fundi wa jua kali, mvuvi. Mapato yao hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na maisha ya kaya, kisha hudaiwa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600. Chini ya NHIF walilipa 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, kwa hivyo kwa aliye chini kabisa jumla imepungua. Lakini mtu anayekula leo kutokana na alichouza leo hana mahali pa kuitoa 3,600 kwa siku moja. Serikali yenyewe iliitambua kasoro hiyo na mwaka 2025 ikaanzisha mkopo wa kulipia bima kidogo kidogo, unaoitwa Lipa SHA Pole Pole. Kwamba maskini akope ili aingie katika mpango uliobuniwa kumwondolea deni la hospitali ni jambo la kushangaza kidogo.

Nchi nyingine za Afrika zilikwepa mtego huo kwa njia zao. Ghana, iliyotunga sheria ya bima ya afya mwaka 2003, iliamua kuutegemeza mfuko wake kwa tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, hivyo kila anayenunua sabuni anachangia bila kuandikiwa ankara ya mwaka. Rwanda iliwapa wanavijiji jukumu la kupanga kaya katika matabaka kwa mjadala wa hadhara, na kwa miaka mingi ilitumia orodha hizo kuamua nani alipe kiasi gani cha bima na nani alipiwe. Utaratibu huo pia ulizua manung'uniko. Lakini orodha ilijadiliwa mbele ya watu, na aliyeachwa alijua alikoachwa.

Nchini Kenya, Oktoba 2025, Rais Ruto alitangaza kwamba serikali ingewalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Kwa kulinganisha, uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu wa 2015/16, uliopima umaskini kuwa asilimia 36.1, ulihesabu watu maskini milioni 16.4. Si kila maskini ni hohehahe, na huenda wengine wanaweza kutoa 3,600 wakipewa muda. Ila pengo kati ya takwimu hizo mbili halizibwi na fomu, na wabunge wanaopitisha bajeti kila Juni wanaweza kulipima kwa shilingi: kila watu milioni moja wa ziada wanaolipiwa kwa kiwango cha chini, iwapo kila mmoja anatoka kaya yake, ni shilingi bilioni 3.6 kwa mwaka, na pungufu ya hapo iwapo kaya moja ina wengi. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya ilikuwa miongoni mwao, na haijafika hapo.